Je, Wajua? Ukiinua gari, propela shafti hubadili mwendo

Nyuma ya pikapu ya Land Cruiser 79 kuna springi za vyuma bapa vilivyopangwa kwa tabaka. Springi hizo hubeba mzigo, na ndizo pia zinazoishika ekseli mahali pake. Fundi akiongeza vyuma ili gari liinuke, propela shafti inayopeleka nguvu za injini kwenye ekseli hiyo huinama zaidi. Krosi, yaani kiungo cha mwisho wa shafti, ikiwa kwenye pembe, shafti upande wa pili huongeza na kupunguza kasi mara 2 katika kila mzunguko, hata kasi ya injini isipobadilika. Ajabu kweli! Krosi mbili za ncha zote za shafti zikiwa na pembe sawa hufutiana kasoro hiyo. Zikitofautiana, gari hutetemeka na krosi huisha mapema. Kwa hiyo fundi makini hupachika kabari kati ya springi na ekseli, pua ya difu iinuke kidogo na pembe zilingane. Achague kabari ya chuma. Ya alumini hupasuka upesi.