Kwa Nini Muuguzi Anamwuliza Mgonjwa Kwanza

Wakati wa kuona wagonjwa adhuhuri, kuna lalamiko moja linalosikika mara kwa mara katika wodi za akina mama. Mama mkwe amefika na chupa ya uji. Anamkuta mke wa mwanawe, aliyejifungua kwa upasuaji jana yake, ameshika ukingo wa kitanda akijaribu kusimama. Muuguzi yuko kando yake, mkono tayari, lakini hajambeba.

"Sista, huyu si amekatwa jana? Si umwache alale!"

Muuguzi huyo hajakosa huruma. Mtu aliyepasuliwa akikaa kitandani bila kujisogeza, damu inaweza kuganda katika mishipa ya miguu, na donge hilo likisafiri hadi mapafuni linaweza kuua. Makohozi hutuama kifuani na kuleta nimonia. Tumbo nalo huchelewa kurudia kazi yake. Mama aliyetoka kujifungua yumo katika hatari kubwa zaidi ya damu kuganda kuliko alivyokuwa kabla ya kushika mimba. Ndiyo sababu, kama hakuna kizuizi, huamshwa mapema: hupewa dawa ya maumivu, akaketi, akaning'iniza miguu, kisha akapiga hatua chache.

Nyuma ya jambo hilo kuna fikra wanayofundishwa wauguzi vyuoni. Dorothea Orem, muuguzi wa Marekani aliyechapisha kitabu chake cha nadharia mwaka wa 1971, alisema kwamba kila binadamu hujitunza mwenyewe kwa kawaida, na muuguzi huingia pale nguvu au ujuzi wa mtu huyo unapopungua. Aligawa kazi hiyo mara tatu. Mgonjwa aliyepoteza fahamu hufanyiwa kila kitu: huoshwa, hulishwa, hugeuzwa ili asipate vidonda vya mgongo. Mwenye nguvu kiasi hugawana kazi na muuguzi. Ananawa uso na mikono, muuguzi anamwosha mgongo na kusafisha kidonda. Wa tatu, kama mwenye kisukari anayejiandaa kwenda nyumbani, anahitaji kufundishwa na kutiwa moyo hadi aweze kujidunga insulini mwenyewe. Mgonjwa mmoja anaweza kupitia hatua zote tatu ndani ya wiki moja.

Hapa ni lazima kusema ukweli. Fikra hii inaweza kugeuzwa kisingizio. Usiku muuguzi mmoja anaweza kuwa na wodi nzima, na jamaa wengi wamewahi kumwosha mgonjwa wao kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine. Huko si kumsaidia mgonjwa ajitegemee. Tofauti inaonekana: anayesaidiwa kujitegemea ameelezwa sababu, kuna mtu karibu asianguke, na muuguzi atarudi kuona amefika wapi. Mzee anayeambiwa tu "jisaidie mwenyewe" huku hawezi kufika msalani ametelekezwa, na jamaa zake wana haki ya kuuliza.

Heshima hiyohiyo kwa mgonjwa ndiyo iliyo katika fomu ya idhini, ile karatasi inayotiwa sahihi au kidole gumba kabla ya upasuaji. Wengi huitia sahihi kama risiti. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017, katika vifungu vya 8 na 9, inataka zaidi ya hapo. Mgonjwa aelezwe hali yake, matibabu yaliyopo, faida, hatari na gharama zake, na kwamba anaweza kukataa na nini kinaweza kumpata akikataa. Aelezwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayolingana na kiwango chake cha kusoma.

Kueleza upasuaji ni kazi ya daktari atakayeufanya. Kwa hiyo muuguzi akimwuliza mgonjwa, "Daktari amekuambia utafanyiwa nini?", usidhani hajui. Anapima kama mgonjwa ameelewa. Jibu likiwa "mimi sijui, wao ndio wanajua", muuguzi makini humwita daktari arudi, hata kama chumba cha upasuaji kinasubiri. Na mgonjwa aliyekwisha kutia sahihi bado anaweza kubadilisha nia.

Mwenye kutia sahihi ni mgonjwa mwenyewe, maadamu ni mtu mzima na ana uwezo wa kuamua. Mume hamtilii mkewe sahihi, wala mwana mkubwa hamtilii babake kwa kuwa ndiye anayelipa. Mtoto huidhinishiwa na mzazi au mlezi. Mgonjwa anaweza pia kumchagua mtu, kwa maandishi, wa kuamua kwa niaba yake asipoweza. Ni vyema kulifanya hilo mapema, lisingoje mabishano kwenye veranda ya hospitali. Dharura ni jambo jingine: aliyeletwa hajitambui, na kuchelewa kunaweza kumwua, hutibiwa bila kungoja sahihi, na Kifungu cha 43 cha Katiba kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura.

Majibu ya vipimo nayo ni ya mgonjwa. Muuguzi akikuambia "mwulize mwenyewe", hana kiburi. Sheria inamtaka atunze siri ya mgonjwa, naye hajui kama mgonjwa wako anataka ujue.

Ukiona mambo hayaendi hivyo, anza na muuguzi msimamizi wa wodi. Mengi humalizika hapo. Lisipokwisha, nenda kwa msimamizi wa hospitali au ofisi za Idara ya Afya ya Kaunti. Kifungu cha 14 cha sheria hiyo kinakupa haki ya kulalamika na lalamiko lako kuchunguzwa. Jambo likihusu mwenendo wa muuguzi katika kazi yake, Baraza la Wauguzi la Kenya ndilo linalosimamia nidhamu ya taaluma hiyo. Andika tarehe, saa, wodi na kilichotokea siku hiyohiyo, kabla ya kusahau, na ubaki na nakala.