Nani Aliandika Kitabu cha Binti wa Njoro?

Filamu za kuigiza kuhusu udanganyifu wa kifasihi hujengwa juu ya siku ya kufichuka. Katika The Hoax ya mwaka 2006, Richard Gere anaigiza Clifford Irving, aliyeiuzia kampuni ya McGraw-Hill tawasifu ya uongo ya tajiri Howard Hughes, hadi Hughes mwenyewe alipozungumza na waandishi wa habari kwa simu mwaka 1972 na kumkana. Katika Can You Ever Forgive Me? ya 2018, Melissa McCarthy ni Lee Israel, aliyeghushi barua za waandishi mashuhuri na kuziuza mpaka FBI ikamfikia. Mtazamaji anatoka akimjua mwongo kwa jina. Kesi yetu ya Njoro, ya kitabu ambacho mwandishi wake bado anabishaniwa, haina siku kama hiyo, na ndiyo maana inafundisha zaidi.

Beryl Markham alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya akiwa mtoto mdogo. Alikulia Njoro kwenye shamba la babake, Charles Clutterbuck, karibu na msitu wa Mau, baada ya mamake kurudi Uingereza. Darasani hakukaa sana. Alilelewa na mazizi ya farasi na urafiki wa watoto wa Kikalenjin, hasa Kibii, ambaye baadaye alijulikana kama arap Ruta na kufanya naye kazi miaka mingi. Akiwa bado kijana alianza kufundisha farasi wa mbio huko Molo na Nakuru, kisha akawa rubani. Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi, ndege ikaanguka kwenye kinamasi cha Nova Scotia, Kanada, naye akanusurika.

Mwaka 1942 kampuni ya Houghton Mifflin ilichapisha kumbukumbu zake, West with the Night. Mwandishi Hemingway alikisifu mno kitabu hicho katika barua kwa mhariri wake, lakini vita vilikuwa vimetanda na kitabu kikasahaulika. Kilichapishwa upya California mwaka 1983, mwandishi akiwa mkongwe anayeishi Nairobi, ambako alifariki mwaka 1986. Filamu ya televisheni kuhusu maisha yake, Stefanie Powers akiwa mwigizaji mkuu, ilifuata mwaka 1988.

Sifa zilikuja na shaka. Raoul Schumacher, mume wake wa tatu, alikuwa Mmarekani aliyejipatia riziki kwa kalamu. Scott O'Dell, mwandishi wa riwaya aliyewafahamu wote wawili, alisema kitabu kile ni kazi ya Raoul. Mary Lovell alimtetea Beryl katika wasifu wa mwaka 1987. Errol Trzebinski naye, katika wasifu wake wa 1993, alimpa Schumacher kalamu.

Mizozo ya namna hii hupimwa vipi? Kwanza, tarehe. Lovell alifuata mawasiliano ya Beryl na mchapishaji, akahitimisha kwamba sehemu za mswada zilikuwa zimetumwa mwaka 1941 kabla wawili hao hawajakutana. Trzebinski aliipinga hesabu hiyo. Hapa ndipo kesi inaposimama au kuanguka, kwa kuwa mtu hawezi kukuandikia kurasa kabla hajakujua.

Pili, maarifa. Kitabu kinajua jinsi farasi jike anavyozaa usiku na jinsi ngiri anavyowindwa kwa mkuki na mbwa. Hayo ni ya mtu aliyekulia Njoro. Hata hivyo tuwe waangalifu: maarifa yanathibitisha chanzo cha simulizi tu. Mtu anaweza kusimulia na mwingine akaandika.

Tatu, kazi nyingine. Schumacher hakuacha kitabu chochote cha kulinganishwa na hiki. Beryl naye hakuandika kingine. Hadithi fupi zilitoka magazetini kwa jina lake, na hata Lovell, mtetezi wake, alikubali kwamba baadhi yake ziliandikwa na Schumacher. Kipimo hiki kinawakata wote wawili.

Nne, ambalo wengi hulipita, ni usiri. Udanganyifu huishi kwa kuficha. Irving alificha, Israel alificha. Beryl alimtaja Schumacher mwanzoni mwa kitabu, akamshukuru kwa kumtia moyo na kumsaidia kukiandaa. Mlaghai hamweki mshirika wake kwenye ukurasa wa shukrani.

Kwa mizani hiyo, msimamo wangu ni kwamba kitabu ni cha Beryl, na Schumacher alikuwa mhariri mwenye mkono mzito. Neno ulaghai halimstahili. Ushahidi wa O'Dell unastahili kusikilizwa, lakini shaka ilipata nguvu pia kwa sababu watu walimwona mwanamke wa farasi na ndege, asiye na masomo mengi, wakashindwa kuamini kwamba sentensi zile zilitoka kwake. Historia ina mifano mingi ya kinyume: filamu ya Colette ya 2018 inaonyesha jinsi mume wa mwandishi huyo alivyoweka jina lake la kalamu, Willy, juu ya riwaya za mkewe kuanzia mwaka 1900. Pale jamii iliamini kirahisi kwamba mwanamume ndiye mwandishi. Kwa Beryl, imani hiyohiyo ilitumika kumvua kazi yake.

Jambo hili linatuhusu leo. Njoro ni makao ya Chuo Kikuu cha Egerton, na kijana yeyote wa Nakuru, Molo au Rongai anayeandika vizuri kuliko alivyotarajiwa anaweza kuulizwa kama ni yeye kweli, au ni mtu wa kukodiwa, au ni akili unde. Hifadhi rasimu zako zikiwa na tarehe. Mtaje aliyekusaidia. Nawe unayeshuku, omba rasimu na tarehe kabla ya kutoa hukumu, wala usimpime mtu kwa sura yake au shule aliyokosa.

Watengenezaji filamu wetu wana hadithi kubwa hapa. Nawasihi waanze na barua za mchapishaji, ndipo waandike ugomvi wa mume na mke. Na wampe arap Ruta nafasi ya mtu aliyejua mengi, kwa sababu nusu ya maisha yanayogombaniwa aliyaishi yeye pia.