Michezo: Tangu televisheni ya bure ilipofungwa, mashabiki wa Formula 1 wanatafuta njia yao

Ijumaa tarehe 29 Julai 2011, siku mbili mbele ya mbio za Hungary, mashabiki wa Formula 1 huko Uingereza walipata habari ambayo wengi hawakuitazamia. Shirika la BBC lilitangaza kwamba kuanzia 2012 litaonyesha moja kwa moja nusu tu ya mbio za msimu. Mwenye kutaka kuziona zote alipashwa kulipia abonema ya Sky.

BBC ilikuwa na mkataba hadi mwisho wa 2013, na mashabiki walihesabu kuwa bado wana misimu miwili ya raha. Lakini mfuko ulikuwa umekauka. Kila nyumba yenye televisheni huko inalipa kodi ya mwaka ambayo ndiyo inalisha BBC, na mwezi wa Oktoba 2010 serikali ilikuwa imeifunga kwenye pauni 145.50 kwa muda wa miaka 6. Bei za haki za michezo hazikungoja. BBC ikaamua kugawana na Sky kuliko kuacha yote.

Basi msimu wa 2012 ulikuwa na mbio 20: BBC ilionyesha 10 moja kwa moja, kati yake Monaco, mbio za nyumbani za Silverstone na ile ya mwisho. Kwa zingine 10, mtazamaji asiye na Sky alipewa kipindi cha muhtasari, masaa kadhaa kiisha mshindi kujulikana. Mtu huyo alizima simu na redio, akakimbia majirani, ili asisikie matokeo. Kwa mchezo ambao utamu wake ni kutojua nani atapita nani kwenye kona inayofuata, hiyo ni adhabu kweli.

Hapo ndipo ujanja ulianza. Karibu mbio zote zinapigwa picha na kampuni ya Formula 1 yenyewe, kiisha picha hizo hizo zinatumwa kwa vituo vyote vilivyonunua haki. Anayetazama London na anayetazama Berlin wanaona gari lile lile kwa pembe ile ile. Tofauti ni sauti ya mtangazaji na bei ya kuingia. Na huko Ujerumani kituo cha RTL kilikuwa bado kinarusha mbio zote bure kwa satelaiti, bila kufunga mawimbi yake.

Kwa hiyo mashabiki wa Uingereza wakafunga parabole ya pili, wakaielekeza kwa satelaiti inayobeba vituo vya Ujerumani. Picha ilikuwa safi. Shida ni lugha. Wakanyamazisha televisheni, wakawasha redio ya BBC, 5 Live, ambayo iliendelea kutangaza mbio zote kwa Kiingereza. Picha ya Wajerumani, sauti ya nyumbani, bila kulipa abonema.

Haikuwa kamili. Sauti na picha hazikufika pamoja, na mtu aliweza kusikia kwamba gari limegonga ukuta wakati kwenye kioo bado linakimbia vizuri. Wengine walipitisha sauti ya redio ndani ya kompyuta ili kuichelewesha sekunde chache hadi ilingane na picha. RTL nayo ilikuwa inakata mbio kwa matangazo ya biashara. Lakini watu walivumilia. Kwa familia ambayo tayari inahesabu pesa ya umeme na chakula, abonema ya michezo ya kila mwezi si jambo dogo.

Lazima kusema pia kwamba Sky haikuuza hewa. Ilifungua kituo kizima cha Formula 1, ikaonyesha mazoezi, mchujo na mbio zote, na mwenye uwezo alipata mengi kuliko zamani. Aliyeachwa nje ni yule wa kipato kidogo, na mtoto wake ambaye angeupenda mchezo kwa kuukuta tu kwenye televisheni mchana wa Jumapili.

Mlango ukaendelea kufungwa. BBC ilijiondoa kabisa mwishoni mwa 2015, miaka 3 mbele ya wakati. Channel 4, kituo kingine cha bure, kikachukua nusu yake kuanzia 2016. Mnamo Machi 2016 Sky ikasaini mkataba wa kuwa peke yake kuanzia 2019. Tangu hapo Channel 4 inaonyesha moja kwa moja mbio za Silverstone tu, pamoja na muhtasari wa zingine. Mara moja Sky ililegeza mkono: tarehe 12 Desemba 2021, Lewis Hamilton na Max Verstappen walipoingia mbio ya mwisho huko Abu Dhabi wakiwa na pointi sawa, ilikubali Channel 4 iionyeshe bure.

Wakati huo njia ya Ujerumani nayo ilikuwa imezibwa. RTL, iliyowaonyesha Wajerumani mbio za Michael Schumacher tangu alipoanza mnamo 1991, iliacha haki zake mwishoni mwa 2020. Sky ya Ujerumani ikazichukua, na mwaka wa 2021 RTL ilibaki na mbio 4 tu. Ufaransa ilitangulia: TF1 ilizipoteza mwishoni mwa 2012, zikaenda kwa Canal+.

Ufaransa lakini ina sheria ya 2004 inayotaja Grand Prix ya Ufaransa kati ya mashindano ambayo wananchi wote wanapaswa kuyaona bure. Orodha ya namna hiyo iko Uingereza pia, yenye Olimpiki, Kombe la Dunia na hata mbio za farasi. Formula 1 haimo, hata Silverstone.

Wapenzi wa kabumbu wa Goma ao Bukavu hawatashangaa sana. Wanajua maana ya kugundua kwamba ligi waliyoifuata imehamia kwenye dekoda nyingine, na kuishia kulipa franga za kuingia kwenye sale ya jirani. Kwa Afrika kusini ya Sahara, Formula 1 imekuwa kwa miaka mingi kwenye vituo vya SuperSport vya DStv. Mwenyewe wa DStv, kampuni ya MultiChoice, iko mikononi mwa Canal+ tangu Septemba 2025, ile ile iliyochukua mbio kutoka TF1.

Huko Marekani, ESPN iliyoonyesha Formula 1 tangu 2018 imefikia mwisho na msimu wa 2025. Kuanzia 2026, kwa miaka 5, mbio ziko kwa Apple, kupitia intaneti. Parabole haitasaidia tena.