Fyeka Kabla Moto Haujafika

Ndugu msomaji, toka nje ya nyumba yako utazame pande zote nne. Je, nyasi zimefika ukutani? Je, kuna tawi linalogusa paa? Kuni zako umeziegemeza wapi? Kama nyasi ziko ukutani, tawi liko juu ya paa na kuni ziko chini ya dirisha, basi moto umekwisha tengenezewa njia. Kinachokosekana ni kiberiti tu.

Katika mikoa ya Iringa na Njombe, kiangazi huanza mwezi wa Juni. Ifikapo Septemba na Oktoba nyasi zimekauka kabisa na upepo unavuma. Hapo ndipo moto mdogo wa kusafisha shamba, wa kurina asali au wa tanuri la mkaa hutoroka na kuwa moto mkubwa.

Tena wananchi wengi wa mikoa hii wamepanda miti ya mbao. Wilaya ya Mufindi ina Shamba la Miti la Sao Hill, ambalo ni shamba kubwa la miti la serikali. Wanavijiji nao wana mashamba yao. Hili ni jambo jema. Mti ni akiba ya ada ya shule na bati la nyumba. Lakini wako waliopanda miti mpaka mlangoni. Mti wa namna hiyo ni mali, na ni hatari pia.

MOTO HUTEMBEAJE?

Wazee walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Moto hutembea kwa kugusana. Nyasi hugusa kichaka, kichaka hugusa tawi la chini, na tawi hugusa kilele. Moto ukifika kileleni, hakuna mtu wa kuuzima kwa tawi bichi.

Mipaina ina utomvu unaowaka upesi. Milingoti ina mafuta katika majani yake, na magome yake makavu hupeperuka yakiwaka. Cheche moja huweza kuruka na kutua juu ya paa la nyasi. Tena moto hupanda mlima haraka kuliko unavyoshuka. Kwa hiyo nyumba iliyo juu ya mteremko ina hatari zaidi.

Mwezi wa Oktoba 2020 moto uliwaka katika Mlima Kilimanjaro kwa siku nyingi. Kilometa za mraba zaidi ya 90 ziliungua. Mamia ya watu walipanda mlima kuuzima, wengine wakiwa na matawi tu mikononi. Kuzima ni kazi ngumu. Kuzuia ni kazi ya jembe, panga na fyekeo.

FANYA HIVI KABLA YA KIANGAZI

1. Palilia kuzunguka nyumba, ghala na zizi. Hatua 10 kutoka ukutani pasiwe na nyasi kavu wala takataka.

2. Kata matawi ya chini ya mipaina mpaka juu ya kichwa cha mtu mzima. Moto wa nyasi ukipita, usipate ngazi ya kupandia.

3. Ondoa miti iliyokauka na ile iliyoinama juu ya nyumba au njia. Mti mkubwa uangushwe na mtu anayejua kazi hiyo, siku isiyo na upepo. Kama mti uko karibu na waya wa umeme, usiuguse. Toa taarifa TANESCO.

4. Hamisha kuni mbali na nyumba.

5. Usichome ulichofyeka wakati wa kiangazi. Matawi yafanye kuni. Majani yafanye mboji.

6. Pamoja na wenzako, limeni barabara ya kuzuia moto kati ya kijiji na pori, na kati ya shamba na shamba. Udongo uonekane. Muulizeni afisa misitu upana unaofaa. Kila mwaka isafishwe, maana barabara iliyoota nyasi haizuii kitu.

SI KUKATA KILA MTI

Usielewe vibaya, ndugu msomaji. Hatusemi kijiji kiwe jangwa. Acha mwembe wa kivuli na migomba. Mgomba una maji mengi, hauwaki upesi, ila ondoa majani yake makavu. Usifyeke kandokando ya mto au chemchemi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kufanya shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto.

MTI WA JIRANI

Hapa ndipo penye ugomvi. Mti wa jirani umeinama juu ya nyumba yako, naye amengoja miaka 12 auze mbao. Usiukate usiku. Nenda ukazungumze naye mchana. Mkishindwana, mwoneni mwenyekiti wa kitongoji. Huenda mkakubaliana akate mistari miwili tu iliyo karibu na nyumba, auze nguzo na kuni. Naye afikirie jambo hili: moto ukianzia kwako, shamba lake lote litateketea. Kinga yako ni kinga yake.

Mambo haya yapelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo, kuchagua kamati ya moto na kupanga siku ya kazi. Wajane na wazee wasioweza kushika jembe wafyekewe kwanza.

Moto ukitokea, toa watu kwanza, vitu baadaye. Usikimbilie juu ya mlima. Piga simu namba 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini moto hupanda mti wenye matawi ya chini?
2. Ni nyumba zipi katika kitongoji chenu zina hatari zaidi?
3. Barabara ya kuzuia moto ya kijiji chenu ilisafishwa lini?