Je, Wajua? Weusi wa Vidole Unaweza Kuanzia Tumboni

Mtu akionekana na weusi uliokoza kwenye vifundo vya vidole, majirani hawakosi jibu: mkorogo huo. Mara nyingi wanapatia. Lakini yupo asiyewahi kugusa krimu ya kujichubua, na bado weusi ukamwenea hadi viganjani, nyayoni na kwenye kucha. Huyo apimwe vitamini B12.

Ukuta wa tumbo hutoa asidi pamoja na protini maalumu inayoishika B12 na kuifikisha mwisho wa utumbo mwembamba, inakofyonzwa. Kwa baadhi ya watu, kinga ya mwili huzigeukia seli zinazotoa vitu hivyo na kuziua polepole. Hapo hata ukila maini na samaki kila siku, sehemu kubwa ya B12 hupita tu. Hugundui mapema, kwa sababu mahitaji ya siku ni kama mikrogramu 2.4, na ini limeweka akiba ya miaka. Ikiisha, damu hupungua, ulimi huwa laini na kuwaka moto, miguu hufa ganzi, mvi huwahi.

Thomas Addison aliueleza ugonjwa huu London mwaka 1849. Vitabu vikamchora mgonjwa kuwa mzee wa Ulaya ya kaskazini mwenye ngozi ya rangi ya limau, picha iliyowaponza wagonjwa weusi, maana umanjano huo kwao hauonekani kirahisi.

Ulikuwa ugonjwa wa kifo hadi mwaka 1926, Minot na Murphy wa Boston walipowalisha wagonjwa maini kwa wingi. William Castle akataka kujua tumbo linahusikaje. Alikula nyama ya ng'ombe, akaitoa tena tumboni mwake baada ya saa moja, kisha akawapa wagonjwa kwa mrija. (Sijui nani angekubali leo!) Damu yao ikapanda, nyama isiyopita tumboni mwake haikufua dafu.

Wengine hupata pia vitiligo, yale mabaka meupe. Hayo hayaletwi na upungufu wa B12; ni kinga hiyohiyo imezishambulia seli za rangi. Ndiyo maana sindano za B12 hufifisha weusi baada ya wiki au miezi, lakini weupe haziuondoi.

Tahadhari moja: vidonge vya asidi ya foliki peke yake vinaweza kuipandisha damu huku neva zikizidi kuharibika.