Panadol, mtungi na ini lako: panya wana la kukuambia

Msomaji, tuseme ukweli. Jumatatu asubuhi, baada ya wikiendi ya mtungi, 'supu' ya kwanza kwa washikaji wengi ni panadol. Mbili kabla ya kuoga, mbili ofisini, na jioni kichwa kikiwa bado kinagonga, mbili tena. Juu yake unatupia dawa ya mafua, ambayo mara nyingi nayo ina parasetamoli ileile ndani. Nani anahesabu? Si vidonge vya dukani tu, hata mtoto anatumwa kununua!

Ini linahesabu, mwanangu. Na aliyetufundisha jinsi linavyohesabu ni panya.

Siyo panya buku wa mtaroni. Ni wale wadogo weupe wa maabara. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani, wakiwemo Jerry Mitchell na David Jollow, walitoa matokeo ya majaribio yao juu ya panya waliopewa parasetamoli nyingi kupita kiasi. Kuanzia hapo siri ikaanza kufichuka.

Iko hivi. Ukimeza kipimo cha kawaida, sehemu kubwa ya dawa inashughulikiwa na ini na kutoka na mkojo bila matata. Sehemu ndogo tu inageuka sumu. Kwa bahati nzuri, ini lina mlinzi wake, kitu kinachoitwa glutathioni. Sumu ikitokea tu, mlinzi anaidaka na kuitoa nje. Lakini dawa ikizidi, walinzi wanaisha kazini. Sumu inabaki haina mtu wa kuikamata, inazivamia chembechembe za ini na kuziua.

Panya waliotangulia kupewa sisteini, malighafi ambayo mwili hutengenezea glutathioni, maini yao yalipona. Waliokaa na njaa kabla ya dawa waliumia zaidi, maana ukikosa chakula ghala la walinzi linapungua. Hapo mzee wa bia mfululizo bila kula ajitazame! Tena mnywaji wa kila siku ana tatizo jingine: pombe inaongeza kile kimeng'enya kinachogeuza dawa kuwa sumu. Kiwanda cha sumu kinaongezwa, walinzi wanapunguzwa.

Kitunguu saumu, manjano na uongo wa mtaani

Baada ya hapo wanasayansi wakaingia jikoni. Je, chakula kinaweza kulinda ini? Kwa panya, jibu mara nyingi limekuwa ndiyo. Viambato vya kitunguu saumu vimewakinga kwa kukizuia kile kimeng'enya kisitengeneze sumu. Mlonge umejaribiwa kwa panya wakubwa na kuonyesha dalili nzuri. Mwaka 2013 watafiti wa Thailand waliripoti kwamba kurkumini, kile kiini cha njano cha manjano, kilipunguza madhara kwenye maini ya panya.

Usikimbilie sokoni bado. Kwenye majaribio mengi ya namna hii kinga inatangulia dawa, au vinaingia pamoja. Panya hakumeza kwanza, akalala, halafu kesho yake ndipo akapelekewa kitunguu.

La pili ni kipimo. Wale wa Thailand walitumia miligramu 200 za kurkumini kwa kila kilo ya uzito, na kundi jingine 600. Chukua hiyo ndogo. Kilo kwa kilo, dada wa kilo 50 angehitaji gramu 10 za kurkumini tupu. Unga wa manjano una kama gramu 3 tu za kurkumini katika kila gramu 100, kwa hiyo angepaswa kubugia zaidi ya gramu 300 za manjano kwa mkupuo. Wataalamu wana hesabu zao za kutoka panya hadi mtu zinazoishusha namba hiyo, lakini hata wakiishusha, huo si mchuzi wa pilau.

Na ukisema utanunua vidonge vya manjano vilivyokolezwa, sikiliza hii: mwaka 2019 Italia ilitoa tahadhari baada ya watu kadhaa waliotumia bidhaa za aina hiyo kupata homa ya ini. Dawa ya ini ikageuka adui wa ini!

Maziwa? Sahau

Sasa tuje kwenye lenyewe. Wapo wanaozidisha kwa maumivu ya jino, na wapo wanaozidisha kwa hasira za mapenzi. Mtaani ushauri ni mmoja: "Mpeni maziwa, sumu itakatika." Haikatiki. Ubaya wa parasetamoli ni kwamba siku ya kwanza mtu anaweza kutapika kidogo, au asihisi lolote. Ndugu wanashukuru Mungu. Siku ya pili na ya tatu ndipo ini linaanza kulia, macho yanakuwa ya njano, na muda ule wa dhahabu umeshapita.

Dawa yenyewe ipo, na ilitokana na somo la wale panya. Inaitwa asetilsisteini, nayo inalisaidia ini kuajiri walinzi wapya. Mwaka 1979 Laurie Prescott na wenzake wa Edinburgh, Uskochi, walieleza habari za wagonjwa 100 waliotundikiwa dawa hiyo. Waliowahi ndani ya saa 8 karibu wote maini yao yalisalimika. Kadiri walivyochelewa ndivyo kinga ilivyopungua.

Kwa hiyo mwenzako akizidisha, usisubiri dalili na usimgombeze. Beba na pakiti, mkimbize hospitali sasa hivi. Kama alifanya makusudi, asiachwe peke yake, na daktari aambiwe ukweli wote. Aibu inatibika, ini lililokufa ni kazi.

Na wewe wa Jumatatu: mtu mzima mwenye afya asivuke gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, akihesabu na vile vya mafua. Mnywaji mzuri, au aliyekonda kwa kutokula, kiwango chake ni kidogo zaidi, amuulize daktari. Kula kwanza, kunywa maji, soma karatasi ya dawa. Kitunguu saumu weka kwenye mchuzi, kinanogesha. Ila kumbuka panya alikipata mapema. Maji yakimwagika hayazoleki.