Jua Juu ya Paa la Gari

Msafiri atokaye mjini Arusha kwa njia ya Dodoma, akishapita Kisongo na kukaribia Meserani, ambako pana kambi mashuhuri iliyo pamoja na bustani ya nyoka, hataacha kuyaona malori makubwa ya watalii yaliyokata bara kutoka Nairobi au kutoka Cape Town, na magari ya Land Cruiser yaliyobebeshwa mahema mapaani, na mara mojamoja trela lenye kitanda na jiko ndani yake. Na juu ya vyombo hivyo, aghalabu, ataona bamba jeusi la kioo lililolazwa kuelekea mbinguni. Zamani anasa hiyo ilikuwa ya wageni tu. Siku hizi wako na wenyeji, watu wa Njiro na Sakina na kwingineko, wenye kutia aila garini mwisho wa juma na kwenda kulala Momella au Ziwa Natron, na hao nao wanataka maji baridi, taa ya kulia chakula, na simu isiyozimika.

Waingiapo katika maduka ya vifaa vya umeme, swali lao la kwanza huwa ni paneli ya wati ngapi, na muuzaji, ambaye riziki yake imo katika kuuza, hafanyi taksiri kuwaonyesha iliyo kubwa. Ningependa swali lianzie upande wa pili, yaani usiku: ni kitu gani kitakachokula umeme jua likishatua? Tuchukue friji dogo la volti 12, lile la kufunguliwa kwa juu. Mota yake ikizunguka hula wati kama 45, walakini haizunguki saa zote 24. Katika joto la kadiri hupumzika zaidi ya nusu ya wakati, basi kwa siku nzima tuliwekee wati-saa 450. Taa tatu za LED za wati 5 kila moja, zikiwaka saa tano, ni wati-saa 75, na simu na kamera tuzipe 75 nyingine. Jumla ni 600. Sasa atokee mmoja aliyeficha birika la umeme ndani ya sanduku: birika la wati 1,800, likichemka dakika kumi tu, limekwisha kula 300, nusu ya posho ya siku nzima ya watu wote, tena limelazimisha kununuliwa kwa inveta kubwa ambayo vinginevyo isingekuwa na kazi. Kahawa ya Meru na ichemshwe kwa gesi.

Hesabu ya matumizi ikishapatikana ndipo tulitazame jua, na hapa Arusha ina mambo yake. Mji uko kiasi cha nyuzi 3 kusini ya ikweta, hata jua la utosi hupita mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Machi na tena karibu na mwanzo wa Oktoba, na nusu ya mwaka liko kaskazini, nusu nyingine kusini. Kwa sababu hiyo paneli iliyolazwa bapa juu ya paa haipotezi kitu kikubwa, na mwenye gari hana haja ya vyuma vya kuiinamisha, ambavyo watu wa Ulaya huvihitaji kwa kuwa jua lao la kipupwe hutambaa chini karibu na upeo wa macho. Lakini kuanzia Mei mpaka Agosti upepo wa kusi, ukija na unyevu wa bahari, hukutana na Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,560, na upepo huo hupanda, hupoa, na kugeuka mawingu katika miteremko ya kusini na ya kusini-mashariki. Mtu aliyeegesha gari Tengeru au Usa River, kati ya migomba, huenda asilione jua mpaka adhuhuri, ilhali mwenzake aliye upande wa pili wa mlima huohuo, huko Oldonyo Sambu mpaka Longido, ambako mvua ni haba na miti ni mifupi, amekwisha kuvua sweta. Safari zilizo nyingi, basi, huanza katika wingu na kuishia katika jua, kwani Serengeti ya Julai ni kavu. Ila yule ambaye safari yake yote ni kuuzunguka Meru hana budi kuhesabia wingu.

Kwa tahadhari mimi huweka saa 5 za jua kamili kwa siku katika miezi mikavu, na saa 3 na nusu katika majira ya kusi upande wa mjini. Tena katika kila wati 10 zilizoandikwa nyuma ya paneli huhesabu 7 tu, kwa kuwa wati zile hupimwa maabara, seli zikiwa na joto la nyuzi 25, na juu ya bati la gari saa sita mchana seli hufika nyuzi 60 na zaidi, na kila nyuzi ipandayo hupunguza nguvu kwa kiasi cha asilimia 0.4 au pungufu kidogo. Bado vumbi, bado waya. Kwa hiyo wati-saa 600 huhitaji paneli ya kama wati 170 penye jua zuri, na ya kama 245 penye mawingu. Mwenye kununua ya 200 na kukubali kuzima friji usiku katika siku mbaya hakukosea. Mwenye kununua ya 250 atalala bila wasiwasi.

Je, paa linayo nafasi? Seli ya kwanza ya silikoni iliyofaa kwa kazi, iliyotolewa na Bell Laboratories huko Marekani mwaka 1954, iligeuza kuwa umeme asilimia 6 tu ya nuru iliyoipata. Zinazouzwa sasa hufikia 20 na zaidi, hata wati 200 zaenea katika eneo la takriban mita moja ya mraba. Hata hivyo gari la safari la Arusha, kama yanayoundwa bodi katika karakana za mji huu, ile ya Hanspaul na nyinginezo, lina paa la kuinuliwa ili watu wasimame kutazama wanyama, na juu ya sehemu hiyo paneli nzito haifai kuwekwa. Mahali pake ni keria ya nyuma, juu ya vikalio vya mpira, na uwazi wa vidole viwili chini yake ili hewa ipite. Zile paneli nyembamba za kupinda, zenye kubandikwa kwa gundi, ni nyepesi kweli, lakini kwa kukosa hewa chini huchakaa upesi, na barabara ya changarawe ya kutoka Ngorongoro kwenda Seronera haizionei huruma. Za kioo zina uzito, na zenye asili njema hupewa dhamana ya miaka 25.

Kisha pana suala la kivuli, na hapa dereva na paneli hawapatani, maana dereva hutafuta mti. Seli za paneli zimefungwa mfululizo, mfano wa watu waliojipanga kupokezana ndoo za maji, na mmoja akizembea safu nzima hungoja. Tawi moja la mjakaranda laweza kuondoa theluthi ya umeme, au zaidi. Dawa yake ni paneli ya kukunjwa yenye waya mrefu, gari likabaki kivulini na paneli ikawekwa juani, maadamu yupo wa kuilinda: nyani na tumbili wa Momella hawana adabu na kitu kigeni, na katika kambi za mjini wako wasio nyani.

Sasa betri, ambayo ndiyo roho ya jambo lote, na ambayo wengi huinunua mwisho kwa fedha iliyobaki. Betri ya risasi tuijuayo kwa jina la N70 hubeba ampea-saa 70, yaani wati-saa 840 kwa karatasi, lakini ikizoea kukamuliwa kupita nusu hufa upesi. Inayofaa kutumika basi ni 420, nayo haitoshi hata siku moja ya hesabu yetu. Zitahitajika mbili, na uzito wake ni karibu kilo 40. Betri moja ya lithiamu ya ampea-saa 100 ina uzito wa kama kilo 12, huruhusu kutumiwa asilimia 80, nazo ni wati-saa elfu moja na ushei, na huvumilia maelfu ya kuchajiwa ambapo ile ya risasi huvumilia mamia. Bei yake ni kubwa, sikatai. Ila mwenye kununua N70 mbili kila baada ya miaka miwili hajaweka akiba yoyote.

Chaji kontrola, kifaa kisimamacho kati ya paneli na betri, iwe ya MPPT, ambayo huifuata paneli katika kiwango chake bora na hufaidi zaidi asubuhi za mawingu. Ile ya bei nafuu hupoteza sehemu ya kile ulichokwisha kukilipia. Kwa wati 250 katika volti 12 mkondo hukaribia ampea 20, na waya mwembamba utageuza umeme huo kuwa joto, basi uwe mnene na mfupi, na fyuzi ikae karibu na betri, si mwisho wa waya. Mafundi wazuri wa kazi hizi hawakosekani katika mji huu, ambako ndiko ilikoanzia kampuni ya Off Grid Electric, iliyojiita baadaye ZOLA, kuwakopesha wanavijiji sola za majumbani. Malori ya watalii na mabasi aghalabu ni ya volti 24. Fundi na aulizwe kabla hajakata waya wowote.

Limebaki neno ambalo muuzaji wa paneli hatalisema. Gari liendalo kila siku saa nne au tano, kutoka Arusha mpaka Karatu leo na Serengeti kesho, lina oltaneta iwezayo kuijaza betri kabla ya magharibi, kwa kupitia kifaa maalumu cha kuchajia betri ya pili. Kwa msafiri wa namna hiyo paneli ni pambo, na fedha zake afadhali azitie katika betri njema. Paneli na anunue yule akaaye kambini siku ya pili na ya tatu bila kuwasha injini.